Sura ya Tano: Ushujaa Usio na Mashahidi

Katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya mji wa Mbale, ujasiri umewekewa mwaka wake. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaba hukusanyika hapo mwezi wa Agosti kufungua msimu wa imbalu, tohara ya vijana wao. Baada ya hapo vijana huzunguka kwa jamaa zao na ngoma za kadodi, miili imepakwa unga, hadi inapofika siku ya kusimama uani mbele ya ngariba. Kijana husimama wima. Hapepesi jicho, hatetemeki, hatoi sauti. Wamemzunguka baba, wajomba, mashangazi, majirani, na hata wale wanaotamani ashindwe. Hao ndio mashahidi wake, na kwa ushahidi wao anahesabiwa mwanamume maisha yake yote.

Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa imbalu. Ulikuwa pia mwaka ambao mikusanyiko ilipigwa marufuku, ngoma zikawa kosa mbele ya polisi, na kila mtu akaamriwa kukaa kwake. Sherehe kubwa kuliko zote za ujasiri katika mashariki ya Uganda zikakosa uwanja. Wakati huohuo, kwenye vichochoro vya mitaa kama Namakwekwe, upande wa kaskazini wa mji huohuo, ulianza ujasiri wa namna nyingine ambao haukuwa na uwanja, haukuwa na ngoma, na kwa amri ya serikali haukuweza kuwa na watazamaji.

Sura hii inahusu ujasiri huo. Ni mgumu kuutambua, na sababu si kwamba ni mdogo. Yaliyofanyika yalifanyika milango ikiwa imefungwa, usiku, au mbali na macho ya watu, na waliofanya wakarudi kwenye shughuli zao bila mtu kuwauliza. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya janga na vita. Vita huacha makamanda, picha na makaburi yenye bendera. Janga huwatawanya watu, kila mmoja nyumbani kwake, na linapopita kila mmoja anakumbuka kilichotokea ndani ya kuta zake tu.

Mambo yalikwenda haraka. Shule zilifungwa Ijumaa tarehe 20 Machi 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajapatikana. Siku iliyofuata Waziri wa Afya, Dkt. Jane Ruth Aceng, akatangaza kwamba msafiri aliyetoka Dubai amekutwa na virusi vya korona alipotua Entebbe. Tarehe 25 usafiri wa umma ukasimamishwa na bodaboda wakakatazwa kubeba abiria. Tarehe 30 magari binafsi nayo yakazuiwa. Kuanzia tarehe 31 ikawa kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa siku kumi na moja tu, nchi ambayo watu wake huishi kwa kutembea, kwa kuchuuza, kwa kupanda taksi asubuhi na kurudi na unga jioni, ilikuwa imesimama.

Katika mtaa wa watu wa kipato cha siku, amri ya kukaa nyumbani ilikuwa na maana tofauti na ile iliyokuwa nayo kwenye nyumba zenye ukuta na jokofu. Mfua nguo, mbeba mizigo sokoni, mchoma mahindi, fundi wa baiskeli, wote hao walipoteza riziki yao kwa usiku mmoja. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujafika Mbale. Njaa ilikuwa imefika.

Tuanze na uzazi, kwa sababu hapo ndipo amri na uhai vilipogongana waziwazi. Uchungu haungoji asubuhi. Katika miezi ya kwanza ya marufuku, aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari binafsi alitakiwa kupata kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais katika wilaya. Fikiria maana yake saa nane za usiku: simu isiyopokelewa, ofisi iliyofungwa, na askari wa kafyu njiani. Wakili Primah Kwagala na shirika lake la Women's Probono Initiative walikuwa miongoni mwa waliosema hadharani kwamba kina mama wanakufa wakisubiri ruhusa, na baadaye sharti hilo likalegezwa kwa wajawazito.

Kabla halijalegezwa, kulikuwa na usiku mwingi. Kote Uganda wanawake walitembea kwa miguu kuelekea vituo vya afya, wengine wakajifungulia njiani, na wengine wakaokolewa na mtu mmoja: dereva wa bodaboda aliyekubali kutoka. Huyu ni mtu ambaye pikipiki yake mara nyingi ni ya mkopo, au ni ya tajiri anayedai fedha yake kila jioni. Ikikamatwa, imekwenda, na riziki ya nyumba nzima imekwenda nayo. Yeye mwenyewe akikutwa nje usiku anaweza kupigwa kabla hajaeleza kitu, kwani katika majuma yale ya mwanzo walinzi wenye silaha na fimbo waliwapiga watu barabarani, na picha za wachuuzi waliochapwa Kampala zilisambaa nchi nzima. Alijua yote hayo, na bado akawasha pikipiki.

Hapa inafaa kusema wazi kile tunachokiita ushujaa katika sura hii, maana neno hili limetumika hadi limechakaa. Kutimiza wajibu mtu anapolipwa na kulindwa ni jambo jema, na jamii haiwezi kuishi bila hilo. Ushujaa huanzia pale mtu anapokuwa na njia halali ya kukataa, anajua atakachopoteza, hakuna atakayemlaumu akikaa, na bado anatoka. Kwa kipimo hiki dereva yule wa usiku anastahili jina hilo kikamilifu. Daktari aliyekaa ofisini akitoa taarifa kwa waandishi huenda hastahili, hata kama ndiye tuliyemwona kwenye televisheni.

Bodaboda waliruhusiwa kubeba abiria tena mwishoni mwa Julai 2020, na wakaagizwa kuandika majina na namba za simu za wale wanaowabeba, ili wagonjwa waweze kufuatiliwa. Agizo hilo lilikuwa na busara yake. Lakini yule mama wa saa nane usiku alibebwa kabla ya daftari hilo kuwapo, kwa hiyo safari yake haimo katika orodha yoyote.

Mtu wa pili ni VHT. Mganda yeyote anazijua herufi hizo tatu, ingawa si wengi wanaotulia kufikiri zinabeba nini. Timu za afya za vijiji zilianzishwa mwaka 2001. Majirani huchaguliwa na majirani wenzao, wanapewa mafunzo mafupi, mkoba, daftari, pengine viatu vya mvua na mwavuli, kisha wanatumwa nyumba kwa nyumba. Wanapima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi kujua kama ana utapiamlo. Wanamkumbusha mama tarehe ya chanjo. Wanajua nani ana kifafa, nani ana sukari, nani anajificha. Mshahara hawana. Wanachopata ni fedha kidogo ya siku ya kampeni au ya semina, inapokuwepo.

Usafiri ulipokatika, kundi moja la wagonjwa lilikuwa hatarini kuliko jinsi takwimu za korona zilivyoonyesha: watu wanaoishi na VVU. Dawa za kupunguza makali huliwa kila siku, na mtu akiziacha virusi hurudi kwa nguvu na huweza kujenga usugu. Kwa kawaida mgonjwa hupanda taksi hadi kliniki, mara nyingi ya mbali kwa makusudi ili majirani wasimwone. Sasa taksi hazipo. Vituo vya afya vikaanza kutoa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na kwa wasioweza kufika dawa zikasafirishwa na watu: VHT, wauguzi, na wagonjwa wazoefu ambao wenyewe wanaishi na VVU na wamejitolea kuwashika mkono wenzao. Walikwenda kwa baiskeli au kwa miguu. Waliomba majina wakayaweka kichwani, wakafunga vichupa ndani ya mifuko ya kawaida ili jirani asijue, wakagonga mlango, wakaulizia afya, wakaondoka.

Namna walivyotunza siri ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Mtu anayepeleka unga anaweza kusifiwa mtaa mzima. Mpeleka dawa za VVU hawezi kusifiwa na yeyote, kwani akitaja alikokwenda amevunja uaminifu aliopewa. Kazi yake ikifanyika vizuri haionekani kabisa. Watu wa aina hii hawatakuja kujitokeza wenyewe kudai sifa, na ndiyo maana ni lazima wengine wawatafute.

Desturi hiyo ya kumfuata mgonjwa nyumbani haikuanzia mwaka 2020. Uganda iliijenga katika janga lililotangulia. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago, alimpoteza mumewe Christopher kwa UKIMWI. Mwaka huohuo yeye na wenzake wachache, baadhi yao wakiwa wagonjwa tayari, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ugonjwa huo. Walikuwa wakikutana kulia, kusali na kunywa chai pamoja, wakati ambapo hata hospitalini watu waliogopa kumgusa mwenye ugonjwa huo. Hakukuwa na dawa. Walichokuwa nacho ni kwenda kumtembelea mtu, kukaa kitandani pake, kumwosha, kumsikiliza. TASO ikafungua vituo nje ya Kampala, Mbale na Jinja vikiwamo, na kizazi kizima cha washauri nasaha na wahudumu wa majumbani kikafundishwa kazi hiyo katika miji hii miwili. Miaka thelathini na zaidi baadaye, barabara zilipofungwa, tayari walikuwapo watu waliojua kugonga mlango wa mgonjwa bila kumtia aibu.

Chakula kilikuwa na hadithi yake, na hadithi hiyo ina uchungu. Serikali ilianza kugawa msaada tarehe 4 Aprili 2020, kilo sita za unga wa mahindi na kilo tatu za maharagwe kwa mtu, na ikaanzia Kampala na Wakiso, zaidi ya kilomita 200 kutoka Namakwekwe. Wakati huohuo Rais Museveni alikuwa ameonya kwamba mwanasiasa atakayekusanya watu kuwagawia chakula atashtakiwa kwa jaribio la kuua. Mbunge Francis Zaake alikamatwa tarehe 19 Aprili huko Mityana kwa kugawa chakula kwa wapiga kura wake. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba msongamano hueneza ugonjwa, na kwa upande wa sayansi hoja hiyo ilisimama. Lakini mtaani matokeo yake yalikuwa kwamba kutoa kukawa kitu cha kufanywa kimyakimya.

Na kimyakimya kilifanywa. Mwenye duka la rejareja aliyeandika deni juu ya deni katika daftari lake, akijua baadhi ya madeni hayo hayatalipwa, aliulisha mtaa kwa mtaji wake mwenyewe. Mwenye nyumba aliyeacha kugonga mlango mwisho wa mwezi alifanya vivyo hivyo. Ilikuwa Ramadhani pia, kuanzia mwishoni mwa Aprili, na Mbale ni mji wenye Waislamu wengi, mji wa Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988. Misikiti ilikuwa imefungwa. Futari za pamoja hazikuwezekana, na sahani iliyovushwa juu ya ua kwenda kwa jirani, awe Mwislamu au asiwe, ndiyo iliyobaki.

Juni 2021, wimbi la pili lilipokuja na nchi ikafungwa tena kwa siku 42, serikali ilibadili njia: ikatuma shilingi 100,000 kwa simu kwa watu kama nusu milioni wasiojiweza katika Kampala, majiji na manispaa. Mbale ilikuwa imekuwa jiji tangu Julai mosi 2020, sawa na Jinja, kwa hiyo safari hii ilikuwemo. Shilingi hizo ziliwasaidia waliozipata. Mwenye duka hakurudishiwa kitu.

Wapo wengine ambao wanahitaji angalau kutajwa. Wanawake wa masokoni waliamriwa wasirudi nyumbani, walale palepale wanapouzia ili chakula kiendelee kupatikana bila ugonjwa kusafiri, na wakalala chini ya meza zao kwa vyandarua, mbali na watoto wao. Wafanyakazi wa Nytil, kiwanda cha nguo cha Njeru, ng'ambo ya mto Nile kutoka Jinja, walishona barakoa za taifa. Walimu wa shule binafsi walikatiwa mishahara katika nchi iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, hadi tarehe 10 Januari 2022, wanafunzi wapatao milioni 15 wakiwa nje. Baadhi ya walimu hao waliuza chapati mchana na jioni wakawafundisha watoto wa jirani kusoma.

Madereva wa malori walistahili kuliko walivyotendewa. Bila wao kusingekuwa na mafuta, dawa, wala chumvi kutoka Mombasa. Aprili na Mei 2020 wagonjwa wengi wapya waliotangazwa Uganda walikuwa madereva waliopimwa Malaba, Busia na Elegu, na jina la dereva likawa sawa na jina la ugonjwa. Walipanga foleni ya makumi ya kilomita upande wa Kenya wakisubiri majibu, wakilala ndani ya magari, wakikatazwa hata kununua chai kwenye vituo vya njiani. Walibeba mzigo wa nchi nne na hakuna nchi iliyotaka washuke. Korona iliua zaidi ya watu 3,600 Uganda kwa hesabu rasmi. Mtu wa kwanza kati yao, aliyetangazwa Julai 2020, alikuwa mwanamke wa Namisindwa, wilaya iliyo kwenye miteremko ya mlima Masaba, yaani Elgon, jirani na Mbale, wala hakuwa dereva.

Kuna jina moja ambalo kila Mganda anayezungumzia ushujaa katika magonjwa hulitaja, na ni haki alitaje. Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa Kampala akisoma Makerere, Oktoba 2000, alipopigiwa simu kutoka hospitali ya Lacor, Gulu: wauguzi wanafunzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akarudi, akapitia mafaili usiku, akahisi ni Ebola kabla maabara haijathibitisha. Akaunda wodi ya kuwatenga wagonjwa na akaiongoza mwenyewe. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuua 224. Lukwiya mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43.

Lakini tazama kilichotokea Novemba, muda mfupi kabla ya kifo chake. Wauguzi wa Lacor walikuwa wamewazika wenzao mmoja baada ya mwingine. Wakakusanyika kwa mamia, wenye hofu na hasira, wakitaka hospitali ifungwe. Lukwiya akawaambia kwamba anayetaka kwenda aende, yeye atabaki. Kisa hiki husimuliwa kila mara kama kisa chake, na ni chake. Pia ni kisa cha wale waliomsikiliza, wakarudi nyumbani kulala, na kesho yake wakavaa tena aproni na glavu. Zaidi ya wafanyakazi kumi wa hospitali hiyo walikufa. Daktari mkuu angeweza kusema maneno mazuri kuliko yote duniani, na kama wauguzi wasingerudi wodini asubuhi ile, wagonjwa wangekufa peke yao. Historia imemhifadhi aliyesema. Waliorudi wanajulikana zaidi na jamaa zao.

Ukirudi nyuma zaidi, pengo linakuwa pana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka Ziwa Viktoria, na Busoga, nchi ya Jinja, iliumia kuliko sehemu karibu zote. Vijiji vya pwani ya ziwa na visiwa kama Buvuma vilihamishwa kwa amri ya Gavana Hesketh Bell. Katika vitabu vya tiba lipo jina la Luteni Forbes Tulloch, tabibu wa jeshi la Uingereza aliyeambukizwa akiwa kazini Uganda na akafa mwaka 1906, na linatajwa kwa heshima inayomstahili. Wasoga waliowabeba wagonjwa kwenye machela, waliowalisha watu waliolala wakitafuna, waliozika na kisha wakaugua wenyewe, hawana hata ukurasa. Ni watu wengi sana, waliishi karne moja tu iliyopita, na tumewapoteza kwa kutoandika.

Tunaweza kufanya kosa hilohilo tena, kwa sababu nafasi hazijaisha. Ebola ilirudi Uganda Septemba 2022 kupitia Mubende. Novemba ikafika Jinja, mahali pa kwanza kufikiwa upande wa mashariki. Ilipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, watu 55 waliothibitishwa kuwa na virusi walikuwa wamekufa, saba kati yao wahudumu wa afya. Kisha tarehe 30 Januari 2025 serikali ikatangaza mlipuko mwingine: muuguzi wa Mulago alikuwa amefariki siku iliyotangulia, na kabla ya kufa alikuwa ametafuta matibabu sehemu kadhaa, hospitali ya rufaa ya Mbale ikiwa mojawapo. Siku nne baada ya tangazo, tarehe 3 Februari, majaribio ya chanjo yalikuwa yameanza Kampala chini ya jina TOKOMEZA SVD, yakiongozwa na watafiti wa Makerere. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, ukiwa umewapata watu 14 na kuua wanne.

Kasi hiyo iliushangaza ulimwengu, na wanasayansi wamestahili pongezi walizopata. Kilichofanya chanjo na ufuatiliaji viwezekane, hata hivyo, ni kazi ya mikono: mtu anakwenda kila siku, kwa siku 21, kwenye mlango wa kila aliyemgusa mgonjwa, anampima joto, anamsihi abaki. Anatukanwa. Anaambiwa analeta mkosi. Na ndani ya mlango kuna mwingine wa kutazamwa, yule aliyekubali kubaki ndani siku 21 akiwa mzima, bila kipato, majirani wakivuka barabara ili wasipite kwake. Huyu hakufanya kitu chochote cha kuonekana. Kwa kutofanya kitu amewalinda watu asiowajua, na gharama ameilipa yeye.

Basi watu hawa watambuliwe vipi? Uingereza ilijaribu makofi. Kuanzia tarehe 26 Machi 2020, kila Alhamisi saa mbili usiku, watu walitoka milangoni kuwapigia makofi wahudumu wa afya, juma baada ya juma hadi mwisho wa Mei. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikapendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia moja kwa wauguzi, na ghadhabu yao ikaeleweka dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa korona kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Makofi ni kitu kizuri, lakini mjane hawezi kuyapeleka dukani.

Kenya, ng'ambo ya mlima, ilitoa nishani. Juni 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliwatunuku watu 68 tuzo ya Uzalendo, na miongoni mwao alikuwa mtoto wa miaka tisa wa Bungoma aliyetengeneza kwa mbao kifaa cha kunawia mikono kinachokanyagwa kwa mguu, ili watu wasishike bomba. Wabukusu wa Bungoma ni ndugu wa Wamasaba wa Mbale. Nishani ile ilikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu ilimfuata mtu hadi kijijini kwake badala ya kuwangoja wenye vyeo wapendekezane.

Uganda ina chombo chake tayari. Tarehe 9 Juni kila mwaka ni Siku ya Mashujaa, na wengi huichukulia kama siku ya majenerali. Asili yake ni nyingine. Siku hiyo mwaka 1981, Edidian Luttamaguzi, mwanakijiji wa Pembetatu ya Luweero, aliuawa na askari wa serikali ya wakati ule pamoja na wenzake kwa sababu alikataa kuwaonyesha walipo wapiganaji wa msituni. Hakuwa na bunduki wala cheo. Aliulizwa swali ambalo jibu lake lingemwokoa, akalikataa. Sikukuu ya taifa ya mashujaa ilijengwa juu ya kaburi la mtu wa kawaida, na hakuna sababu ya VHT, muuguzi au dereva wa bodaboda kuonekana mgeni katika siku hiyo.

Nishani peke yake hazitoshi. Kwa VHT kutambuliwa kwa kweli ni malipo ya kila mwezi, hata yakiwa madogo, yanayofika kwa wakati, pamoja na glavu na barakoa kabla ya mlipuko badala ya baada yake. Hadhi ya kujitolea imetumiwa kwa miaka zaidi ya ishirini kama sababu ya kutolipa, na wengi wa wanaojitolea hivyo ni wanawake ambao wangeweza kutumia saa hizo shambani au sokoni. Taifa likiwaita mashujaa huku likiendelea kuwatumia bure, linawadhulumu.

Jambo jingine halihitaji bajeti. Kila mtaa wa Uganda una mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na kila mwenyekiti ana daftari na muhuri. Humo huandikwa wageni, ugomvi wa mipaka, barua za utambulisho. Hakuna kinachozuia kurasa chache zitengwe kwa ajili ya miaka ya 2020 na 2021: nani alimbeba nani, nani alipeleka dawa kama mwenyewe yuko radhi kutajwa, nani alisamehe deni, nani aliuosha mwili wa maiti wakati jamaa walikuwa wanaogopa. Majina mawili, mtaa, mwaka, na jambo lililofanyika. Wanafunzi wa sekondari wangeweza kufanya kazi hiyo katika likizo moja.

Nawe msomaji, uwe Namakwekwe, Namatala, Walukuba au kwingineko, huhitaji kungoja muhuri. Waliofanya haya wengi wangali hai na wanakaa karibu nawe. Muulize mama yako ni nani aliyekuja usiku ule; muulize muuguzi mstaafu wa mtaa wenu ni zamu ngapi alifanya peke yake; kisha andika jibu pamoja na jina na tarehe, uwasomee watoto, na nakala moja umpe mwenyekiti wako.